Nyenje wa ndani na nyenje wa bustanini: je, dawa yao ni moja?

Mkazi wa Kibaha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninaishi Kibaha, mkoani Pwani, kwenye kiwanja chenye udongo wa kichanga ambacho nusu yake ni nyumba na nusu nyingine ni bustani ya mboga. Tangu mvua za vuli zilipoanza, nyenje wametuzidi ndani na nje, nami ninaomba ushauri wa watu walioshughulika nao kwa vitendo, kwa kuwa ushauri niliopata mpaka sasa unapingana.

Ndani ya nyumba wanapiga kelele kuanzia saa moja usiku hadi karibu na alfajiri, hasa stoo, nyuma ya jiko la gesi na kwenye kona ya bafu. Ukiwasha taa wananyamaza, ukiizima wanaanza upya. Wengi wao ni wadogo wenye rangi ya kahawia iliyofifia, na wachache ni weusi. Mke wangu amekuta kanga na koti la suti, vyote vikiwa kwenye kapu la nguo chafu, vimetobolewa matundu yasiyo na umbo maalumu, naye anaamini kwamba ni kazi ya nyenje. Mimi nilidhani ni mende au nondo.

Bustanini hali ni mbaya zaidi. Nilihamisha miche ya nyanya, bilinganya na pilipili hoho kutoka kitaluni, na kila kukicha ninakuta mingine imekatwa usawa wa ardhi. Kinachonishangaza ni kwamba mara nyingi mche wenyewe hauonekani tena. Juzi niliona jani la bilinganya limechomoza nusu kwenye tundu lenye upana wa kidole gumba, na pembeni yake pana kichuguu kidogo cha mchanga mbichi. Muuzaji mmoja wa pembejeo aliniuzia dawa ya kupuliza na kunielekeza niipulize alasiri. Nilifanya hivyo, lakini asubuhi yake miche ilikuwa imekatwa kama kawaida. Jirani yangu naye ananishauri nimwage mafuta ya taa kwenye kila tundu.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, hawa wa ndani na wale wa bustanini ni mdudu mmoja, ili dawa moja iwatoshe? Je, mafuta ya taa yanafaa? Na je, ipo njia ya kuwaondoa ndani ya nyumba bila kupuliza sumu, ikizingatiwa kwamba tuna mtoto anayetambaa?

Bwana Shamba Mstaafu, Tabora, amejibu:

Ndugu wa Kibaha, pole kwa hasara. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa afisa ugani katika maeneo yanayolima tumbaku, ambako nyenje ni adui wa kitaluni anayefahamika kwa kila mkulima; kwa hiyo nitajibu kuhusu bustani na kuwaachia wengine mambo ya ndani.

Hao si mdudu mmoja. Anayekata miche yako na kuivuta shimoni ni nyenje mkubwa, ambaye wataalamu humwita Brachytrupes membranaceus. Ni mnene, wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa kipana cha mviringo, na aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 5 hivi. Haji kuishi jikoni mwa mtu. Makazi yake ni shimo analolichimba mwenyewe, hasa penye udongo wa kichanga kama huo wa kwenu, na shimo hilo linaweza kwenda chini zaidi ya nusu mita. Mchana hukaa huko chini, mara nyingi akiwa ameziba mlango kwa mchanga. Giza likiingia hutoka, hukata mmea laini ulio karibu, huuburuta hadi ndani, kisha huula kwa nafasi yake. Sasa utaelewa kwa nini dawa ya alasiri haikusaidia: ulipuliza majani ilhali mdudu yuko chini ya mchanga mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka usiku alikata shina pale chini kabisa, mahali ambapo dawa ya kupuliza majani hufika kwa uchache sana.

Kabla hujachukua hatua yoyote, jiridhishe kwanza kwamba huna sota pia. Sota ni kiwavi, naye hukata mche usawa wa ardhi, ila kwa kawaida huuacha umelala palepale, na ukifukua udongo kwa kidole kuzunguka shina, sentimita 2 au 3 tu kwenda chini, utamkuta amejikunja. Mche ukitoweka kabisa na kukawa na kichuguu cha mchanga karibu, huyo ni nyenje. Lile jani ulilolikuta limekwama mlangoni mwa tundu linamaliza ubishi kwa upande wa bilinganya, lakini pilipili zako huenda zina mwizi mwingine, kwa hiyo kagua kila tuta peke yake.

Dawa ya kwanza ninayoipendekeza ni jembe. Zunguka bustani asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha mchanga, kwa sababu kichuguu kipya huwa na mchanga wenye unyevu ambao rangi yake inatofautiana na ule uliouzunguka, na saa chache baadaye tofauti hiyo haionekani tena. Ondoa kichuguu taratibu kwa mkono hadi tundu lionekane. Kisha ingiza kijiti chembamba kinachopindika, au ubua mrefu wa jani la mpapai, kadiri utakavyokwenda, na uchimbe ukiufuata. Wengi hushindwa kwa kuidharau hatua hii: mchanga mkavu huporomoka mara tu unapochimba, tundu likapotea, na mtu akabaki kuhangaika na shimo kubwa lisilo na kitu. Njia huweza kupinda kabla ya kufika kwenye chumba cha chini, ambako utamkuta mwenyewe pamoja na akiba ya majani aliyoyakokota.

Kazi hii inaonekana ya kizamani, na vijana wengi wa siku hizi hawaipendi, lakini ina faida ambayo chupa ya dawa haina. Nyenje huyu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka, na jike hutaga mayai yake humohumo shimoni; ukimtoa jike mmoja kabla hajataga, umeondoa familia nzima ambayo msimu ujao ingetawanyika na kuchimba mashimo yake kila mahali. Hafanani na inzi weupe wa nyanya, ambao ukiwaua leo, baada ya wiki chache wamerudi wakiwa wengi kuliko mwanzo.

Usiku nao unaweza kuutumia. Anayelia ni dume, naye hulia akiwa mlangoni mwa shimo lake kwa kusugua mbawa zake za mbele. Masikio yake yapo kwenye miguu ya mbele, na huhisi mtikisiko wa ardhi upesi sana, kwa hiyo ukienda peke yako kwa kishindo atanyamaza na kurudi ndani. Nendeni wawili. Kila mmoja asimame upande wake wa bustani, asikilize, kisha anyooshe mkono kuelekea sauti inakotoka. Mahali ambapo mielekeo yenu inakutana ndipo lilipo shimo. Sogeeni polepole tochi ikiwa imezimwa, mkisimama kila anaponyamaza, na mkishafika karibu, mmoja awashe tochi huku mwingine akikata ardhi kwa panga kwa mshazari nyuma ya mlango ili kumzibia njia ya kurudi.

Kuhusu mafuta ya taa, tafadhali usifanye hivyo. Huua mizizi ya mimea iliyo karibu na kuharibu udongo, tena kwenye mchanga huzama kwa urahisi, jambo la hatari iwapo wewe au jirani yako mna kisima kifupi. Maji ya sabuni yanaweza kumtoa nyenje shimoni pale ardhi inapokuwa imeshiba mvua. Kwenye mchanga mkavu utamwaga ndoo nzima nayo itanywewa na kuta za shimo kabla haijamfikia.

Miche iliyobaki izungushie kinga. Kata makopo matupu au chupa za plastiki za maji ili ziwe wazi juu na chini, zivike juu ya mche, na uzikandamize ardhini sentimita 3 hadi 5. Nyenje mkubwa ni mzito, hutembea zaidi kuliko kuruka, na akikutana na ukuta wa namna hiyo kwa kawaida huenda kutafuta mmea ulio wazi. Kinga hiyo iondoe shina likishakomaa na kuwa gumu. Msimu ujao chelewa kidogo kuhamisha miche, kwa maana ule mwembamba unaovutia machoni kwa ulaini wake ndio huanza kuliwa.

Mama wa Kisauni, Mombasa, amejibu:

Kaka, asalaam aleikum. Bwana Shamba amekwisha kusema ya nje, nami nitasema ya ndani, maana sisi wa pwani joto na unyevu ni vyetu mwaka mzima na wadudu hawa tunakaa nao.

Mkeo ana haki ya kuwashuku. Nyenje wa nyumbani hula karibu kila kitu, kuanzia makombo ya ugali hadi karatasi na gundi ya maboksi, na nguo huzitafuna hasa zikiwa zimeingia jasho au zimemwagikiwa chakula, ndiyo sababu ameyaona matundu kwenye kapu la nguo chafu wala si kabatini. Nondo wa nguo, au kwa usahihi zaidi viwavi vyake, hupendelea sufu iliyokaa gizani muda mrefu bila kuguswa. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama yoyote: nguo chafu zisilale sakafuni wala kwenye kapu lililo wazi, na koti lililovaliwa lipigwe jua kabla ya kurudishwa mahali pake.

La pili ni taa ya nje. Tazama iko wapi. Nyumba nyingi huwa na taa nyeupe kali juu ya mlango wenyewe, nayo huwaita wadudu kutoka bustanini mpaka kizingitini, halafu mwanya ulio chini ya mlango unawamalizia safari. Weka balbu yenye mwanga wa njano, ambayo huwavutia wadudu wachache zaidi, au ihamishe taa iwe mbali na mlango ili ikiwavuta iwavute huko. Chini ya mlango pigilia ukanda wa mpira unaogusa sakafu; ukikosa wa dukani, ukanda uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli unatosha kabisa, mradi usiache pembe mbili za mlango wazi, kwa kuwa hapo ndipo wanapopita. Matundu ya kupitisha hewa yawekewe wavu wa mbu.

Stoo ndiyo ngome yao. Nyenje mchana anataka mahali penye giza, joto na unyevu, ambapo mwili wake unagusa kitu pande zote, na hakuna kinachompa hayo vizuri kuliko maboksi ya karatasi yaliyopangwa ukutani juu ya sakafu yenye unyevu. Toa maboksi yote, choma yasiyohitajika, na vitu vinavyobaki viweke kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, juu ya mbao, vikiachana na ukuta kiasi cha kupitisha ufagio. Sogeza jiko la gesi ufagie mafuta na makombo yaliyo nyuma yake. Bafuni tazama bomba linalovuja na ufa unaozunguka bomba linapoingia ukutani; ufa uzibe kwa saruji, na usiku tundu la kutolea maji lifunikwe kwa kichujio. Nyumba iliyo kavu haiwafai kabisa, kwa sababu mayai yao yanahitaji unyevu, na wanaoingia humo huishi siku zao tu bila kuacha kizazi.

Kwa wale waliokwisha kuwamo, tumia karatasi za gundi za kunasia wadudu. Ziweke nyuma ya friji, nyuma ya jiko na ndani ya stoo iliyofungwa, kwani mtoto akizishika itakuwa kazi nyingine. Mimi singepuliza dawa mahali anapotambaa mtoto, na hata unga wa boriki wa kuulia wadudu, ambao watu huuchukulia kama kitu cha kawaida, si wa kuachwa sakafuni ambako mtoto ataupeleka mdomoni. Moyo wenu uwe na utulivu kwa jambo moja: nyenje haenezi maradhi kama afanyavyo mbu, wala hana sumu, kubwa lake ni kelele na nguo.

Na hao mijusi kafiri walio ukutani usiwafukuze. Watu wengi wanawachukia, lakini usiku kucha wanafanya kazi unayotaka kumlipa mtu aifanye.

Mkazi wa Kibaha amejibu:

Shikamoo Bwana Shamba, na wa aleikum salaam Mama. Nimefuata maelekezo ya nje na ya ndani, na sasa nina mambo mapya ya kuuliza.

Kwanza, mbinu ya watu wawili kusikiliza imefanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, na wale tuliowachimbua walikuwa kama walivyoelezwa, wakubwa wenye vichwa vipana. Lakini kwenye matuta ya mchicha na figiri, ambayo ninayamwagilia kila jioni na kuyawekea samadi, nimeona kitu tofauti. Hakuna vichuguu. Kuna mistari ya udongo ulioinuka juu juu, kana kwamba mtu amepitisha kidole chini yake, na miche iliyo juu ya mistari hiyo inanyauka ikiwa bado imesimama. Tulipofukua, tulimkuta mdudu mwenye miguu ya mbele mipana na mifupi yenye meno, ambaye alizama tena ardhini kabla hatujamkamata.

Pili, watoto wa jirani wameomba wapewe nyenje wakubwa tunaowachimbua ili wawachome, wakisema kwao wanaliwa. Je, ni salama? Tatu, tuna kuku wa kienyeji ambao ningependa kuwafungulia bustanini, lakini kuna mtu amenipa kanuni ya chambo cha pumba na dawa, nami ninahofia kuvichanganya viwili hivyo.

Mfugaji wa Siaya amejibu:

Ndugu yangu, huenda ukashangaa kwamba mimi niliye huku Siaya, nchini Kenya, ninawafuga wadudu ambao wewe unawafukuza. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichoko Bondo, kimefanya utafiti wa ufugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula, na wapo wakulima wa eneo hili waliojaribu kazi hiyo. Tunaowafuga ni wale wadogo, akiwamo nyenje mweusi mwenye madoa mawili ya manjano kwenye mashina ya mbawa, Gryllus bimaculatus, ambaye huenda ndiye huyo mweusi unayemwona ndani kwako. Yupo pia wa aina nyingine ambaye wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walishiriki kumtambulisha rasmi mwaka 2018, na aliyepewa jina la kituo hicho, Scapsipedus icipe.

Nyenje wanaliwa katika sehemu nyingi za Afrika, na yule mkubwa wa shimoni anapendwa sana kwa sababu ya mwili wake. Ni chakula cha kweli, kwa maana ana protini nyingi. Watoto wa jirani hawakosei kwa hilo. Hata hivyo, umesema ulipuliza dawa bustanini, na nyenje uliowachimbua wamekuwa wakivuta majani hayohayo shimoni na kuyala. Kwa msimu huu usiruhusu mtu awale, wala mtoto wala mkubwa. Mahali pasipopuliziwa kitu, wang'olewe mbawa, miguu na matumbo, wachemshwe, ndipo wakaangwe au wachomwe. Mtu anayedhurika akila kamba au kaa awe mwangalifu, kwa sababu mwili wake unaweza kumkataa nyenje vilevile.

Sasa nikuambie jambo ambalo mfugaji analijua kwa ulazima wa kazi, maana yale ninayolazimika kuwapa nyenje wangu ndiyo wewe unayopaswa kuwanyima. Ninawapa joto la kadiri ya nyuzi 28 hadi 30. Ninawawekea trei za mayai ili wapate nyufa nyingi za kujificha, kwani ukiwaweka mahali wazi hula wenzao. Ninawawekea kisahani cha mchanga au pamba yenye unyevu, ambamo jike huchomeka mrija wake wa kutagia; pamba hiyo ikikauka, mayai yote hufa. Ikibaki na unyevu, tunutu, yaani nyenje wachanga wasio na mbawa, hutoka baada ya wiki mbili hivi, na baada ya miezi miwili wamekomaa na kuanza kulia. Kwa hiyo wadogo wa ndani, tofauti na yule mkubwa wa Bwana Shamba, wanaweza kuzaa mara kadhaa kwa mwaka, na mahali wanapozaliana kwako si sebuleni. Tafuta udongo wenye unyevu ulio karibu na ukuta: chini ya bomba la nje, kwenye vyungu vya maua vinavyomwagiliwa kila siku, chini ya rundo la matofali au kuni linaloegemea nyumba. Sogeza marundo hayo mbali na ukuta, uache ukanda mkavu ulio wazi kuzunguka msingi, nawe utakuwa umeharibu wodi yao ya wazazi.

Vilevile, wanaonitia hasara mimi ni siafu, sisimizi, mijusi na vyura. Nimelazimika kusimamisha miguu ya meza za vizimba ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande, na kufunga wavu kila upande kwa ajili ya mijusi. Wewe uko upande wa pili wa vita hivyo. Chura anayelala chini ya kigae bustanini kwako usimguse.

Ninatofautiana kidogo na wale wanaosifu mtego wa molasi. Ni kweli kwamba bakuli lililofukiwa hadi mdomoni na kutiwa maji yenye molasi huwanasa nyenje wadogo, lakini kwenye bustani kubwa hunasa pia wadudu wengi usiowakusudia, huvuta sisimizi, na mvua ikinyesha hujaa maji ukaanza upya. Uutumie karibu na mlango wa stoo tu, ambako una kazi maalumu.

Bwana Shamba Mstaafu amejibu tena:

Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kwamba kazi inakwenda.

Huyo wa kwenye matuta ya mchicha ni chenene, Gryllotalpa africana, naye ni wa tatu katika orodha yako. Hajali mchanga mkavu; anapenda udongo uliolowa na wenye samadi, na ile miguu mipana ndiyo inayomwezesha kupita chini kwa chini akikata mizizi. Miche yako hainyauki kwa kuliwa mizizi peke yake, kwani hata asipoila, njia anazochimba huacha mizizi ikining'inia hewani bila kushika udongo. Ukikuta mche umeinuliwa hivyo mapema, kandamiza udongo kwa mikono pande zote na kuumwagilia kidogo, nao mara nyingi hupona.

Ili kumtoa, changanya vijiko vikubwa viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 4 hivi za maji, umwagie polepole eneo la mita moja ya mraba penye mistari mipya, na usubiri dakika chache. Sabuni humkera naye hupanda juu mwenyewe, ambapo unamwokota. Fanya hivyo jioni, na kwenye matuta yenye mboga changa rudia kwa maji safi baada ya kuwaokota ili sabuni isikae kwenye mizizi. Kisha badilisha mambo mawili: mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili uso wa tuta uwe umekauka kidogo usiku anapotembea, na usiweke samadi ambayo haijaoza sawasawa. Kabla ya kupanda tena, lima tuta kwa kina na uliache wazi juani kwa siku kadhaa. Mayai na tunutu watakaofukuliwa watakauka au kuliwa na ndege.

Hapo ndipo kuku wanapoingia. Wafungulie bustanini wakati huo wa kulima, kabla hakujapandwa kitu, nao watakufuata nyuma ya jembe wakiokota kila kinachotikisika. Miche ikishaingia ardhini wafungie, kwa sababu kuku huchakura, na uharibifu wa kuku watano kwa asubuhi moja unauzidi ule wa nyenje kwa wiki nzima.

Mwarobaini unaweza kuujaribu kama nyongeza. Twanga kokwa zilizomenywa, kiasi cha gramu 50 kwa kila lita ya maji, ziache ndani ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, upulize magharibi ukilenga mashina na si majani peke yake. Hauui papo hapo. Unampunguzia mdudu hamu ya kula, na jua huuvunja nguvu baada ya siku chache, hivyo utarudia.

Kuhusu chambo cha pumba na dawa, kwa bustani ya ukubwa wa kwako ningekiacha kabisa. Kinafanya kazi, na kwenye mashamba makubwa kimetumika miaka mingi, lakini kuku hupenda pumba kuliko nyenje wanavyoipenda, na kuku anayeokota nyenje aliyekula sumu anakula sumu hiyohiyo. Iwapo siku moja mashambulizi yatakulazimisha, tumia tu kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambacho lebo yake inataja zao lako na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kiweke jioni kidogo kidogo karibu na mashimo, chini ya vigae vilivyoinuliwa upande mmoja kwa jiwe ili nyenje aingie na kuku ashindwe. Asubuhi okota mabaki pamoja na wadudu waliokufa, ufukie shimo refu mbali na kisima, na kuku wabaki bandani kwa siku zote ambazo chambo kiko nje na hadi utakapohakikisha kwamba hakuna kilichosalia. Usichanganye chambo kwa mikono mitupu wala kwenye beseni la jikoni. Na ile chupa uliyouziwa, kabla ya kuitumia tena popote, soma lebo yake uone kama nyanya na bilinganya zimetajwa, kwa sababu hukutueleza jina la dawa yenyewe, na zipo zinazouzwa kwa ajili ya pamba ambazo mtu hapaswi kuzipeleka kwenye mboga.